Kengele ya Bustani ya Msamala

Kariakoo, Dar es Salaam
3 Juni 1995

Mama Careen,

Salaam. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na watoto. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Kajetani mlinzi ameniandikia kwamba vyuma vyote vya bustani yetu ya watoto vimefika Msamala na mafundi wameshavisimamisha: farasi wa kuzunguka, bembea za mitumbwi, mtelezo, na lile garimoshi dogo la kuvutwa na trekta. Amesema pia umekubali kazi ya kukaa kwenye mashine ya muziki. Nimefurahi. Nilikuchagua kwa kuwa niliambiwa umemaliza darasa la saba na huna papara.

Sasa sikiliza. Mimi ni mtu wa korosho, nimezaliwa Tunduru, lakini biashara zote ni ndugu. Mtu hanunui asichokisikia. Nakuletea kwa basi spika kubwa ya mdomo wa tarumbeta. Ifungwe juu ya mlingoti, ielekezwe mjini. Kanda ni sita. Tano ni za dansi, uzipige asubuhi mpaka jioni bila kupumzika. Ya sita nimeiandika kwa mkono wangu: KENGELE. Hiyo ni zawadi yangu kwa watu wa Songea. Ipigwe ya kwanza siku ya kufungua, Jumamosi tarehe 24, saa mbili asubuhi, kabla ya wimbo wowote.

Siku hizi kila kitu ruksa. Sisi tusilale.

Nassoro


Msamala, Songea
11 Juni 1995

Mzee Nassoro, shikamoo.

Barua, spika na kanda nimevipokea kwa kondakta, havina mkwaruzo. Sisi ni wazima ila baridi ya mwezi huu inatupiga. Naandika huku mtoto wangu mdogo, Valence, ananyonya, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke.

Juzi tulijaribu kanda moja ya dansi. Kajetani aliwasha jenereta, nikamweka Careen wangu, ana miaka mitano, juu ya farasi. Mzee, mtoto aliziba masikio kwa mikono miwili, akaachia chuma cha kushikia, nusura aanguke. Ile spika inaupigia mji mzima muziki, lakini aliye chini yake haimpigii, inamchapa. Valence naye aliamka mgongoni akalia mpaka akatapika. Nikajiuliza, mama atakayekuja hapa na kitoto atakaa dakika ngapi?

Nina wazo, kama utanivumilia. Kila mchezo uwe na sauti yake ndogo, inayosikika ukiwa karibu tu. Mtoto akiondoka kwenye farasi, sauti ya farasi inafifia, anaanza kuisikia ya bembea, miguu inampeleka mwenyewe. Nimeona hivyo sokoni: mtoto hufuata masikio kabla ya macho.

Kanda nyingine sijazisikia. Mafuta ya jenereta yaliisha tukiwa na ile moja. Nitazisikia siku yenyewe.

Wako katika kazi,
Kunegunda Komba (Mama Careen)


Kariakoo
17 Juni 1995

Mama Careen,

Salaam. Mafuta nimemwagiza Kajetani. Spika ibaki juu. Mimi nimezunguka maonyesho ya hapa Dar miaka yote. Penye kelele ndipo penye watu. Sauti ndogo ni ya mtu anayeficha bidhaa mbovu.

Kengele usiisahau. Mimi ni Mwislamu, lakini najua Songea ni mji wa Wakatoliki, na mgeni mwenye adabu hubisha hodi kwa lugha ya mwenyeji. Nilisimama mwenyewe nje ya kanisa moja la hapa mjini na redio kaseti yangu, jua la saa tisa likinichoma, nikairekodi mpaka mwisho. Nataka watu wasikie kwamba nimewaheshimu.

Watoto wachanga wasikae karibu na mashine.

Nassoro


Msamala
25 Juni 1995

Mzee Nassoro, shikamoo.

Tumefungua jana kama ulivyoagiza. Saa mbili kamili niliweka kanda ya kengele.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona hapa Msamala. Kanda haijafika nusu, uwanja umejaa. Akina mama walikuja wamejitwisha kuni, wengine unga, wengine ndoo za maji. Wanaume walikuja na majembe. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Walikuulizia sana wewe, kama u mzima.

Unga umebaki hapa, karibu magunia mawili, tumeuweka stoo.

Mengine nitaeleza nikipata nafasi. Valence ana homa, na mimi sijalala vizuri tangu juzi.

Kunegunda


Kariakoo
2 Julai 1995

Mama Careen, binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea mke wangu, akajifuta machozi. Kuni! Unga! Maji! Wameniulizia afya yangu watu ambao hawajaniona! Na wanaume na majembe yao, bila shaka walitaka kutusaidia kusawazisha uwanja. Nimefanya biashara miaka ishirini na tano, sijawahi kupokewa hivyo mahali popote.

Sasa umeona nilichokwambia kuhusu sauti kubwa? Kuanzia ukipata barua hii, piga kengele kila siku, mara tatu: asubuhi, mchana na jioni. Natafuta spika ya pili, nayo tutaielekeza upande wa Matogoro.

Nikufahamishe jambo. Kuna bwana wa Mbeya, anaitwa Mussa, ananisumbua nimuuzie vyuma vyote. Nilikuwa nimeanza kulegea, maana hesabu za mwanzo zilinitisha. Sasa nimemwambia asubiri kwanza. Kengele imetuokoa.

Washukuru wote.

Nassoro


Msamala
9 Julai 1995

Mzee wangu, shikamoo.

Kaa kwenye kiti kwanza ndipo usome. Nimekuficha jambo, na kila siku ninayokaa nalo linanenepa.

Ile kengele uliyorekodi si kengele ya kuita watu kanisani. Ya kuita ibada huenda haraka, inakimbizana. Yako inapiga moja, kimya. Moja, kimya. Hapa kwetu tangu nizaliwe ikipigwa hivyo maana yake ni moja: kuna aliyekufa. Hata mtoto anajua. Mama akiisikia anaacha chungu jikoni, anafunga khanga kiunoni, anachukua kuni na unga anakwenda. Mwanaume anachukua jembe. Hawaulizi kwanza. Wanakuja, ndipo wanauliza ni nani.

Nilipobonyeza nikasikia ile ya kwanza, nikaitambua. Nikasema labda itachangamka mbele. Haikuchangamka. Nikabonyeza kuzima, kitufe kimekwama. Nikamwita Kajetani azime jenereta, lakini Kajetani mwenyewe alikuwa amesimama wima, amevua kofia.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Walburga, jirani yangu wa nyumba ya tatu, kuni kichwani.

"Nani, Mama Careen? Nani katutoka?"

"Hakuna mtu, mama. Ni bustani inafunguliwa."

"Mawee! Kengele inalia, wewe unaniambia habari za farasi wa mbao? Usinifiche. Ni yule mzee wa Tunduru mwenye bustani?"

"Mzee ni mzima, mama. Ameleta kengele kama zawadi."

"Zawadi!" akasema. "Na sanda ataleta lini?"

Lakini nyuma yake walishaanza kulia. Mzee Bartolomeo, katekista wetu, akaingia na rozari, akasalimia, akauliza kwa upole mwili uko wapi. Wanaume wakaniuliza kaburi wachimbe upande gani. Mzee, nilitamani lile kaburi nilale mimi.

Walipoelewa, vijana wachache walicheka. Wakubwa hawakucheka. Mama Walburga alishusha kuni zake chini, akasema, "Kuni zilizokuja msibani hazirudi nyumbani. Wala unga. Hapa pameitwa msiba na haujaondolewa. Nani atamleta mtoto wake acheze juu ya matanga?" Wakaacha kila kitu, wakaenda.

Tangu siku ile wamekuja watoto watatu tu, wa mtumishi mgeni aliyehamia kutoka Iringa. Wengine wanapita barabara ya juu ili wasipite mlangoni.

Nilikuficha kwa sababu mbili. Niliogopa kazi. Baba Careen yuko Namtumbo kwenye tumbaku, anakuja kwa mwezi mara moja, na mimi hapa ndipo ninapolishia watoto. Na sababu ya pili, nilikuonea huruma. Ulisimama juani kwa ajili yetu. Nilikosa mara mbili: ningeisikiliza kanda kabla, na ningekwambia siku ile ile. Unisamehe.

Lakini kengele sitaipiga tena. Si asubuhi, si mchana, si jioni.

Kunegunda


Kariakoo
15 Julai 1995

Mama Careen,

Umenidanganya, nami nikamsomea mke wangu uongo wako.

Kengele ni kengele. Nimeishi na Wakristo maisha yangu yote, sijasikia kwamba kengele ya kanisa ni tusi. Au kosa lake ni kwamba imeletwa na Mwislamu? Kama ndivyo, mngesema tangu mwanzo, nisingepoteza nguvu zangu Songea.

Nimempigia simu Mussa wa Mbeya. Atafika na mafundi wake Jumamosi tarehe 12 Agosti kufungua vyuma. Funguo mkabidhi Kajetani. Kazi yako imekwisha.

Nassoro


Msamala
22 Julai 1995

Mzee Nassoro, shikamoo.

Funguo nilimkabidhi Kajetani kama ulivyosema. Kesho yake amenirudishia. Anasema yeye ni wa kulinda, na asichokijua hawezi kukifungua. Basi ninazo mimi, na mpaka tarehe 12 bado nitakuwa hapa asubuhi, unilipe usinilipe.

Hakuna mtu hapa aliyesema neno juu ya dini yako. Mama Walburga amesema ungekuwa mtu mbaya usingetoa zawadi. Ila naomba unifanyie kitu kimoja. Rudi pale kanisani uliporekodi. Mtafute anayepiga kengele, umuulize siku ile saa tisa alikuwa anapiga ya nini. Usiniamini mimi. Mwamini yeye.

Pamoja na barua hii utapokea gunia. Ndani yake ni ile spika. Niliomba ngazi, nikapanda mwenyewe, Valence nimemwacha kwa Mama Walburga, nikaifungua na kuifunga vizuri isibonyee. Sitaki irudi. Ni mali yako, ndiyo maana naileta kwako. Lakini juu ya vichwa vya watoto hapa haitakaa tena nikiwa nina funguo.

Sasa nikueleze nitakavyofanya, maana bado nataka kufanya.

Kwanza farasi. Nimewafunga njuga miguuni, zile za ngoma. Wakisimama, kimya. Wakizungushwa polepole zinanong'ona, wakikimbia zinakimbia. Mtoto anasikia mwendo wake mwenyewe. Hakuna kanda inayoweza hilo, kwa sababu kanda haijui farasi amefika wapi.

Chini ya mtelezo nimeweka debe lenye kokoto na ubao juu yake. Mtoto akitua, linalia. Careen ameteleza mara thelathini kwa ajili ya kulisikia likilia. Zamani aliteleza mara mbili akachoka.

Bembea za mitumbwi hazina chombo. Pale wataimba wenyewe. Wimbo una beti nne, na wimbo ukiisha bembea imeisha. Hili nimelipima. Ukimshusha mtoto kwa kumwambia "basi, zamu ya mwenzako," atagaragara chini. Ukimshusha wimbo umeisha, anashuka mwenyewe, kwa sababu na yeye ameusikia ukiisha. Ugomvi wote wa zamu umekufa hapo.

Garimoshi lina filimbi. Jenereta sasa haina kazi, tumeifunika turubai.

Na nyuma ya ukuta wa matofali nimetenga pahali pasipo na sauti yoyote, nimetandika mikeka. Ni pa mama kunyonyesha na kitoto kulala. Utasema bustani gani yenye pahali pa kimya. Mzee, mama akipata pa kukaa, wale wakubwa watacheza mpaka jua lishuke. Asipopata, ataondoka nao wote. Mimi najua, nimechoka kuliko wote.

Lakini haya yote ni bure mpaka matanga yaondolewe. Nimekaa na Mama Walburga na Mzee Bartolomeo. Wamesema inawezekana, kwa desturi: ule unga uliokuja msibani upikwe, uliwe na kunywewa hapo hapo na wote walioitwa, pasaliwe, pafagiwe, ndipo ngoma ilie. Tumechagua Nane Nane, maana watu hawaendi kazini.

Nakuomba siku hiyo moja. Na kama unaweza, sukari ya togwa.

Kunegunda Komba


Kariakoo
30 Julai 1995

Binti yangu Mama Careen,

Gunia nimelipokea. Wapagazi wa stendi walidhani umeniletea mahindi, wakaliweka kichwa chini. Spika imeanza kupinda.

Nilikaa siku tatu na hasira. Ya nne nikaenda. Mpiga kengele ni mzee kama mimi, ana meno mawili. Nikamweleza siku na saa. Akafikiri, akasema, "Ah, tulikuwa tunamzika nesi mstaafu." Nikamwambia nimeipeleka Songea kufungulia bustani ya watoto. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi za kanisa, halafu akaniomba radhi kwa kucheka. Nami nikacheka, lakini si sana.

Nikwambie nilichokiona siku ile. Watu walikuwa wamevaa vizuri, wameshika maua, gari limepambwa utepe. Mimi kwa macho yangu nikadhani ni harusi. Kwetu maiti haipigiwi kengele wala haibebewi maua ya namna ile. Anatumwa mtu, anapita nyumba kwa nyumba, anasema kwa sauti ya chini. Kama mgeni angemrekodi mtu yule na kumpigia spika kwenye mlango wa duka langu, ningefanya nini? Nimekuelewa.

Neno langu la kukufukuza nimelifuta.

Lakini Mussa siwezi kumrudisha, nimeshampa ahadi. Nimempigia, nikamwambia atangulie, afike Nane Nane, akae aone. Watoto wakija, vyuma vinabaki, amekubali kwa mdomo wake. Wasipokuja, avifungue siku hiyo hiyo, nami sitakuwa na la kusema. Na wewe usiwe na la kusema.

Sukari kilo ishirini inakuja na basi hili.

Nassoro


Msamala
9 Agosti 1995

Mzee Nassoro, shikamoo.

Nakuandikia asubuhi hii mikono bado ina harufu ya kimea. Nitasema yote, sitaficha hata la aibu.

Mussa alifika saa moja na mafundi wawili na kasha la spana. Ni mtu mpole, tena ana haraka. Alisalimia, akakaa kwenye kasha lake katikati ya uwanja kama mtu anayesubiri basi. Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu hakuna mtu. Togwa imejaa mapipa matatu, mimi na Kajetani tunatazamana.

"Dada," Mussa akaniambia, "nianze na farasi?"

"Ukigusa bolti moja kabla ya saa sita, nitakaa juu ya farasi na mtoto wangu, utufungue sote."

Akamtazama Valence mgongoni, akatazama spana, akarudi kukaa.

Saa nne akaja Mama Walburga peke yake, ufagio mkononi, khanga kiunoni kama siku ile. Nyuma yake, mbali kidogo, wakaonekana wengine. Walikuwa wanasubiri mkubwa atangulie. Hawakuwa na watoto. Watoto waliachwa nyumbani.

Wakakaa chini. Tukagawa ugali na maharage, tukagawa togwa. Hakuna aliyecheka. Kisha Mzee Bartolomeo akasimama, na mimi nikaogopa, maana utamwombea nani pasipo na maiti? Akasema, "Kengele ililia. Kengele haikosi mtu wake. Wapo wetu waliokufa mbali, hawakupigiwa kengele na mtu. Basi ile ilikuwa yao. Wataje."

Mama Walburga akatangulia, akasema, "Rupert." Ni mwanawe. Alifukiwa na shimo la madini mwaka jana, hawakuupata mwili, hakuna aliyekaa matanga. Sikujua. Miaka yote jirani yangu, tunaazimana chumvi, sikujua kwamba hakumlilia. Akalia sasa. Wengine wakataja wao, mmoja mmoja. Mimi nikamtaja kaka yangu Sixbert, aliyekwenda kutafuta kazi kusini asirudi. Tukala unga wao. Tukaondoa matanga, mzee, ya kweli kabisa.

Wakasimama, wakafagia. Walianza nyuma kwenye ukuta wakafagia mpaka mlangoni, vumbi likatoka nje. Halafu Mama Walburga akajifungua khanga ya kiunoni, akajitanda begani, akanitazama. "Haya. Pigeni chenu."

Nilikuwa nimemwambia Kajetani asianze mpaka watoto wafike. Lakini nikaona watoto hawatakuja bila kusikia. Nikamwashiria. Akasukuma farasi watupu, taratibu. Njuga zikanong'ona. Akasukuma tena.

Walikuwa karibu, kumbe. Walikuwa wamejificha nyuma ya michongoma, wamewafuata wazazi wao. Kwanza kichwa kimoja, halafu saba, halafu sikuhesabu. Mama Walburga akamshika mjukuu wake wa kike kwapani, akamweka juu ya farasi mwekundu, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Huyu ni wangu. Mzungushe."

Nikuambie lililonishangaza. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanasikiliza. Wakitoka kwenye farasi walikuwa wanasimama kidogo, wanageuza kichwa, wanasikia debe linalia kule, wanakimbilia kule. Wimbo wa bembea ulipoisha walishuka bila kusukumwa. Mmoja tu aligoma, naye ni Careen wangu. Alfajiri alikuwa amejaribu kila kitu, akaona bustani ni ya baba yake. Nikamshusha kwa mkono wangu mbele ya watu. Sheria ni sheria.

Nyuma ya ukuta mikeka ilijaa. Nilihesabu wachanga kumi na wanne wamelala kwa mpigo. Hata mimi nilifumba macho, sijui kwa muda gani.

Saa tisa Mussa alikuja kunitafuta huko nyuma, akasimama mbali kwa adabu, akaniita. Kasha lilikuwa mkononi, limefungwa.

"Dada, naondoka. Mwambie mzee vyuma havifunguliki vikiwa na watoto juu yake. Na tangu wapande, sijaona dakika ambayo havikuwa na watoto."

Basi hayo. Sasa na mimi nina yangu matatu, nayo si maombi. Valence atakaa kazini nami mpaka atembee. Spika usiirudishe hata ikinyooshwa. Na tangu sasa sauti yoyote itakayoingia hapa, iwe ya kanda au ya mdomo, naisikiliza mimi kwanza, tena mwanzo mpaka mwisho.

Pokea salamu za Mama Walburga. Anasema sasa anajua u mzima.

Kunegunda Komba


Kariakoo
21 Agosti 1995

Binti yangu,

Yako matatu nimeyakubali, na mke wangu ameyakubali kabla yangu. Barua yako hii tumeisoma bila aibu.

Habari zimekimbia. Kuna wenzangu wa korosho Masasi wanataka tufungue bustani kama hiyo kwao kabla ya mwaka kwisha. Vyuma nimeshapata. Naomba uniandikie orodha: njuga ngapi, debe la ukubwa gani, wimbo wa beti ngapi. Nitamkabidhi fundi, afuate ulivyoandika neno kwa neno. Na wewe utabaki hapo Songea kwa amani na watoto wako.

Nassoro


Msamala
29 Agosti 1995

Mzee wangu, shikamoo.

Nimekaa na kalamu siku mbili kuandika hiyo orodha. Nimeichana.

Debe naweza kukuandikia. Lakini sijui njuga Masasi zinalia wapi. Pengine huvaliwa siku ambayo hakuna anayetaka kuikumbuka. Wimbo wetu wa bembea pengine kwao ni wa kumbeza bibi harusi. Ukimpa fundi karatasi yangu atafuata neno kwa neno, na wewe utasimama tena na mkono umejaa heshima, huku watu wanakuja na majembe.

Nitakwenda mwenyewe. Nimeshaongea na Baba Careen, akanung'unika, akakubali. Careen atabaki kwa Mama Walburga, Valence nitakuwa naye. Nitumie nauli, na unitafutie nyumba ya mama mmoja wa pale ambaye haoni haya kusema.

Vyuma visisimamishwe kabla sijafika. Nitawaomba wanipeleke kwanza msibani kwao, nikae chini na wenzangu, nisikilize. Harusini nitakwenda siku ya pili.

Kunegunda Komba